Je, Hesabu Yatosha Kumwongoza Mtu?

Mpendwa msomaji, huenda umepata kusikia ya kwamba maamuzi yote ya binadamu yaweza kupimwa kwa hesabu. Elimu hiyo, iliyoelezwa na John von Neumann na Oskar Morgenstern katika kitabu chao cha mwaka 1944, huitwa nadharia ya michezo, kwani humtazama kila mtu kama mchezaji wa bao anayewaza mwenzake atacheza nini. Yatupasa tuipime kwa haki.

Mfano wake mashuhuri ni wa wafungwa wawili waliotengwa. Wakinyamaza wote, watafungwa kidogo. Wakishtakiana, watafungwa zaidi. Mmoja akimshtaki aliyenyamaza, yeye huachiliwa na mwenzake hufungwa muda mrefu kabisa. Hesabu yasema: lolote atakalofanya mwenzako, kumshtaki ndiko kunakokufaa. Basi kila mmoja hufuata faida yake, na wote hupata hasara. Hapa elimu hii yatufaa sana, maana yaonyesha wazi jinsi ubinafsi unavyojiangamiza wenyewe.

Lakini je, watu hutenda hivyo? Mwezi Januari 1950, huko Marekani, Merrill Flood na Melvin Dresher waliwapa watu wawili mchezo wa namna hiyo wacheze mara 100. Hesabu iliwataka wasalitiane kila mara. Bali wao walishirikiana mara 60.

Pengine mtu atasema: "Walishirikiana kwa sababu walijua watakutana tena." Neno hili lina ukweli. Mwenye duka huona vyepesi kumpunja mpita njia kuliko jirani. Hata hivyo, mwaka 1982 Werner Güth na wenzake wa Ujerumani walitoa habari za jaribio lingine: mmoja hugawa fedha, na mwenzake akikataa fungu lake, wote hukosa. Baadhi walikataa fungu dogo, wakaona heri kukosa kuliko kudhulumiwa.

Basi ifahamike kwamba hesabu huanza kazi baada ya mtu kuchagua anachokitaka. Haiwezi kumwambia anachopaswa kukitaka. Anayesema kweli kwa kuogopa hasara ya kesho hajawa mkweli bado. Ni mfanyabiashara mwerevu tu.

Nawe, ndugu msomaji, jiulize: mgeni ambaye hutamwona tena akikuachia amana bila shahidi, utamrudishia kwa hesabu ipi?