Je, Kula Kiapo cha Nchi Mpya ni Kuikana Nchi ya Mama?



Mwezi uliopita, ibada ilipokwisha, mama mmoja wa kanisa letu hapa Nakivale alitusubiri nje akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili. Mwanawe aliondoka makazini mwaka 2016, akapelekwa Marekani, na sasa anafanya kazi ya usiku katika jimbo la Kentucky. Alikuwa amemtumia mama ujumbe wa sauti. Ameitwa kwenda kula kiapo cha uraia, na kabla hajainua mkono anaomba baraka ya mama yake. Siku tatu zilikuwa zimepita na mama hakuwa amejibu. Akatuuliza, "Mchungaji, huyu mtoto akiapa kwamba si wa kwetu tena, mimi nitakuwa mama wa nani?"

Tulimwambia tutaomba na kutafakari. Maneno hayo, kama mjuavyo, sisi wachungaji huyatumia pia wakati hatujui la kusema.

Tumetafakari, na tumeona vema kuwaandikia wote, maana nyumba nyingi hapa zina mtoto au ndugu aliye katika hali hiyo. Kwanza tuelewe jambo lenyewe, kwa kuwa tunachanganya sana ukimbizi, ukaaji wa kudumu na uraia. Mkimbizi aliyepokelewa Marekani anatakiwa kuomba ukaaji wa kudumu baada ya mwaka mmoja. Akikubaliwa hupewa ile tunayoiita grini kadi, na siku zake huhesabiwa tangu alipoingia nchini. Baada ya miaka 5 anaweza kuomba uraia, lakini katika miaka hiyo lazima awe amekaa ndani ya nchi si chini ya miezi 30. Akitoka nje kwa zaidi ya miezi 6 mfululizo atatakiwa kujieleza. Akifikisha mwaka mzima, hesabu yake hukatika. Kisha kuna mtihani wa Kiingereza, na wa historia na serikali ya nchi ile. Kijana wetu alishindwa mara ya kwanza, ndiyo maana amechelewa.

Neno hilo "kudumu" limewadanganya wengi. Kadi huandikwa miaka 10, lakini mtu anaweza kuupoteza ukaaji wenyewe akikaa nje kama mtu aliyehama, au akihukumiwa kwa makosa fulani, au akipiga kura hali yeye si raia. Mwenye kadi ni kama mkwe aliyekaribishwa ukweni: anakula vizuri, analala vizuri, lakini haulizwi kama shamba liuzwe au lisiuzwe, na siku ya ugomvi anaweza kuonyeshwa mlango. Raia ni mtoto wa nyumbani. Na watoto wake walio chini ya miaka 18, wakiwa wanaishi naye kule na wana kadi zao, huwa raia pamoja naye siku hiyo hiyo. Kijana wetu ana mabinti wawili waliozaliwa hapa Nakivale. Alisema hilo katika ujumbe wake, tena kwa sauti ya mtu anayeogopa.

Sasa tuje kwenye kiapo. Anayeapa anasema kwamba anaacha utii wote kwa nchi au mtawala wa kigeni aliyekuwa chini yake hapo awali, na kwamba ataitetea katiba na sheria za Marekani. Na nchi yetu Kongo, kwa upande wake, katika Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 10, imesema uraia wake ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 nayo inasema Mkongomani akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Kongo unampotea, ingawa imeweka njia ya kuuomba tena. Kwa hiyo yule mama hakukosea. Wanaomcheka wakisema ni karatasi tu, hawajui wanachokisema. Mwanawe akitaka kwenda Fizi kulisimamia kaburi la baba yake, ataomba viza kama mgeni.

Tumesikia mahubiri yanayolimaliza jambo hili kwa dakika tano kwa kumtaja Mtume Paulo, kwamba alikuwa raia wa Roma na alijitetea kwa uraia huo walipotaka kumpiga mijeledi. Ni kweli, na ni mfano mzuri wa faida ya uraia. Lakini Paulo alizaliwa nao. Hakuna aliyemwambia achague kati ya Roma na watu wake. Ruthu yuko karibu zaidi nasi, kwa kuwa yeye aliiacha Moabu na kujifunga kwa watu wa mama mkwe wake, wala Maandiko hayamwiti msaliti. Hata hivyo, Ruthu alitembea kwa hiari yake mwenyewe. Watoto wetu walifukuzwa na bunduki.

Kwa hiyo inabidi tufikiri wenyewe. Sisi tunaona kwamba kuna utii na kuna upendo, na kiapo kinadai utii. Utii ni kushika sheria, kulipa kodi, kusimama na nchi wakati wa shida yake, kutowatumikia watawala wawili. Hayo mtu anaweza kuyahamisha kwa haki, hasa kama mtawala wa kwanza hakumlinda. Lakini hakuna sentensi katika kiapo kile inayomtaka mtu asahau lugha ya mama yake, wala inayomkataza kutuma pesa ya dawa, wala inayosema baba yake hakuzikwa mahali alipozikwa.

Wako kati yetu wanaosema, "Aape tu kwa mdomo, moyo ubaki nyumbani." Hapo hatukubaliani nao hata kidogo. Sisi tulikimbia nchi ambayo wakubwa waliapa kuwalinda watu kisha wakawauza. Tukiwafundisha watoto wetu kwamba kiapo ni maneno ya kupitia mlangoni, tutawalaumu vipi wale? Mtu ambaye hawezi kusema kwa kweli kwamba atakuwa mwaminifu kwa nchi ile, abaki na kadi yake, aitunze, ahesabu siku zake za safari. Si dhambi kubaki mkwe.

Tena tuseme jambo ambalo ni gumu kulisema hapa, maana kanisani kwetu tumeketi kabila mbalimbali benchi moja. Si wote wenye nchi moja ya kupoteza. Mwaka 1981 ilitoka sheria iliyomtaka mtu athibitishe kwamba kabila la wazee wake lilikuwa ndani ya mipaka ya Kongo tangu mwaka 1885, na watu wengi waliolala raia wakaamka wageni kwenye mashamba yao wenyewe. Sheria ya 2004 ilirekebisha, ikaweka kipimo kuwa wakati wa uhuru, lakini jeraha halikupona kwa gazeti la serikali. Ndugu wa namna hiyo akila kiapo cha nchi nyingine, tusimwite msaliti. Alibisha hodi nyumbani kwao miaka mingi. Na yule ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni wa wapi, naye akilia siku ya kiapo chake, tusimwambie ana moyo mdogo.

Majirani zetu Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walilipitia jambo hili kabla yetu. Katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa wachague kurudi au kuwa Watanzania, na kama wanne katika kila watano wakachagua kubaki. Mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya watu wapatao 162,000, tendo ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Lakini vyeti vilianza kutolewa kwa wengi mwaka 2014. Miaka minne walikuwa wamekwisha kusema kwamba wanauacha uraia wa Burundi, na mkononi hawana cha kuonyesha. Kama kuna anayedhani kuacha uraia ni jambo la mdomo tu, aende akawaulize wazee wa Mishamo.

Na sisi tuliobaki hapa? Uganda imetupa ardhi ya kulima na ruhusa ya kutembea na kufanya kazi, nasi tunaishukuru. Lakini Katiba ya mwaka 1995 haimpi uraia kwa kuandikishwa mtoto aliyezaliwa hapa ambaye wazazi wake au babu na bibi zake walikuwa wakimbizi. Mahakama ya Katiba mwaka 2015 ilisema njia iliyo wazi kwa mkimbizi ni kuomba baada ya miaka 20 ya kukaa. Nakivale ina zaidi ya miaka 60, na katika kanisa letu hatujamwona hata mmoja aliyefika mwisho wa njia hiyo. Nao mlango wa Marekani ulifungwa Januari 2025, mabegi ya wengine yakiwa yamekwisha kufungwa. Tunawajua, tunasali nao. Basi tunapomhukumu kijana wa Kentucky, tujichunguze kama ni uchungu wa nchi au ni wivu. Sisi wenyewe tulijichunguza, na tulikuta vyote viwili.

Jumanne tulikwenda kwa mama yule. Tulimweleza yote haya, naye akasikiliza huku akichambua maharage. Alikuwa na swali moja tu: akifa, mwanawe ataweza kuja na kukaa matanga hadi mwisho? Tulimwambia kwamba mwenye kadi huja akihesabu siku, lakini raia, hata akikaa mwaka, Marekani haiwezi kumfungia mlango. Akauliza na Fizi je? Tukamwambia ukweli, kwamba Fizi itakuwa kwa viza.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba tumbonyezee mahali pa kurekodi sauti. Alizungumza Kibembe, nasi si Wabembe, kwa hiyo hatukuelewa yote. Tulisikia jina la marehemu mume wake mara mbili, na majina ya wale mabinti, na mwishoni akasema amina.