Kura ni amana, mizani isipunje

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Baada ya sala ya Ijumaa kijana mmoja aliniuliza: "Ustadh, kule Marekani aliyezidiwa kura anakuwaje Rais?"

Nilimjibu hivi. Kule Rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo. Jumla yao, pamoja na wa mji mkuu Washington, ni 538, na mshindi ni apataye 270. Karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura zaidi ya laki tano nchi nzima, lakini Bush aliongoza Florida kwa kura 537 tu, akaingia Ikulu. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni mbili na nusu, akaapishwa Trump.

Watetezi wanasema mfumo huu unayalinda majimbo madogo yasimezwe, na kila mgombea anaijua kanuni mapema. Siidharau hoja hiyo. Waislamu tumeamrishwa kutimiza mikataba, na aliyeshinda kwa kanuni iliyokubaliwa si mwizi.

Lakini kutimiza mkataba ni jambo moja, mizani kuwa sawa ni jingine. Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita, ina wajumbe 3. California, yenye watu karibu milioni 40, ina 54. Piga hesabu: mtu mmoja wa Wyoming ana uzito wa karibu watu wanne wa California! Tena ulipotungwa mfumo huu mwaka 1787, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Majimbo ya mabwana zao yakaongezewa wajumbe, na watumwa wenyewe hawakupiga kura.

Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Muuzaji hawezi kujitetea kwamba wateja wameizoea mizani yake mbovu.

Hata hivyo tusiwacheke. Misikitini kwetu, mara ngapi watu watano wamechagua kamati, waumini mia tano wakaletewa taarifa tu? Nami niliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo nikanyamaza, kwa kuwa aliyepita ni rafiki yangu. Namwomba Allah msamaha. Uadilifu ni kuikataa mizani mbovu hata siku inapotuzidishia sisi.

Wabillahi Tawfiq.