Mwalimu, hii umeitoa wapi?

Kila Desemba, kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka ujumbe wa kuadhimisha uhuru wa Tanzania wa mwaka 1961. Una bendera, una picha ya Nyerere, na umekosea. Iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wake tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata Januari 1964, na Muungano ukaja Aprili 26. Jina Tanzania lenyewe lilianza kutumika Oktoba mwaka huohuo.

Sisi tunaosomea ualimu hupenda kuzungumzia hamasa, na si vibaya. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aiongoze TANU, na hadi leo anaitwa Mwalimu. Lakini mtoto wa darasa la tano hana namna ya kumkagua anayemfundisha. Kilichoandikwa ubaoni ndicho atakachokijibu kwenye mtihani, na pengine ndicho atakachowasimulia wanawe.

Basi, mwalimu mwenzangu mtarajiwa, unapoandika andalio la somo, fungua kitabu, kilinganishe na kingine. Mwanafunzi akikuuliza umeitoa wapi, usimkaripie. Mtajie kitabu na ukurasa.