Kujitoa na Kujitolea: Deni la Muuguzi wa Kiyoruba

Katika Kiswahili, kujitoa na kujitolea hutenganishwa na silabi moja. Anayejitoa huwaacha wenzake na kazi yao. Anayejitolea huwapa nguvu zake bila ujira. Muuguzi wa Kiyoruba aliyetoka Ibadan au Abeokuta kuhamia London hutajwa kwa maneno yote mawili. Kwao anahesabiwa kuwa amejitoa: neno la Kiyoruba *japa*, kutoroka, siku hizi latumika Nigeria nzima kwa wahamaji wa aina yake. Huku Peckham, baada ya wiki ya zamu za saa 12, Jumamosi humkuta katika ukumbi wa kanisa au wa msikiti (Wayoruba wana dini zote mbili, mara nyingi katika ukoo mmoja) akiwapima wazee shinikizo la damu bure. Je, tendo hili la pili linalipa deni la lile la kwanza?

Lazima kwanza tuulize kama deni lipo. Mwezi Februari 2024 baraza linalosimamia wauguzi na wakunga Nigeria lilitangaza kwamba muuguzi afanye kazi miaka miwili baada ya kupata leseni kabla ya vyeti vyake kuthibitishwa kwa ajili ya nchi za nje. Wauguzi waliandamana. Nionavyo, pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mgonjwa wa Ibadan anayelala wodini bila muuguzi si hadithi ya kubuni. Lakini dola ambayo migomo ya wahudumu wake wa afya kuhusu mishahara na vitendea kazi imekuwa jambo la kawaida haiwezi kusimama kama mdai asiye na doa.

Hapo aghalabu hutajwa Kofoworola Abeni Pratt, mzaliwa wa Lagos, aliyeanza kusomea uuguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1946, akarejea Nigeria 1954 na baadaye akawa Mnigeria wa kwanza kuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya chuo kikuu, Ibadan. Yeye alirudi, husemwa. Hawa mbona hawarudi? Ulinganisho huo umepinda. Pratt alifunzwa Uingereza, Nigeria ikavuna. Wa leo wanafunzwa Nigeria, Uingereza inavuna.

Turudi ukumbini, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Uingereza, watu wenye asili ya Afrika huugua shinikizo la damu kuliko Wazungu. Daktari humuuliza mzee kama anatia chumvi nyingi, naye hujibu kwa ukweli kabisa kwamba hatii. Muuguzi wa Kiyoruba huuliza vipande vingapi vya Maggi vinaingia katika sufuria ya *efo riro*. Humwita *baba*, na humsemesha kwa kiwakilishi cha wingi, kwa kuwa Kiyoruba hakiruhusu mkubwa kuambiwa "wewe". Kwa adabu hiyo humweleza kwamba *eje riru*, shinikizo la damu, halina maumivu, kwa hiyo dawa haiachwi kichwa kikipoa. Ujuzi huu hakuupata katika chuo chochote cha London. Ameutoa jikoni kwa mama yake.

Hata hivyo, aliyekopa kwa Juma hamlipi Hamisi. Mzee wa Peckham akipona, mgonjwa wa Ibadan hajapunguziwa chochote. Naona basi kwamba Jumamosi hizo si malipo, na wanaowatetea wauguzi kwa kuzihesabu hivyo wanawapa utetezi dhaifu. Ni zawadi kamili, na anayeipokea si mzee peke yake. Kazi ile ilipaswa kufanywa na huduma ya afya ya taifa hilo, kwa mshahara. Nchi iliyopokea muuguzi bila kumsomesha inapokea pia Jumamosi yake bila kuilipia.

Nigeria imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kwa kanuni za Uingereza, mwajiri haruhusiwi kwenda kuwatafuta huko. Lakini muuguzi akiomba kazi mwenyewe, hazuiwi. Mlango umefungwa kwa nje, ufunguo umeachwa ndani. Sisi wa Kiswahili tusilitazame hili kwa mbali: Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya mwezi Julai 2021.

Simshauri muuguzi aache. Damu ya mzee haitasubiri dola zikubaliane. Lakini kanuni za kimataifa za mwaka 2010 kuhusu kuajiri wahudumu wa afya, zinazozihimiza nchi zinazowapokea kuzisaidia zile zinazowatoa, nazo ni za hiari. Muuguzi ameitimiza hiari yake kila Jumamosi, miguu ikimuuma. Kwa kila muuguzi aliyeajiriwa, mshahara wa mwalimu mmoja katika chuo cha uuguzi cha Ibadan ungekuwa mwanzo wa hiari ya upande wa pili.