Kutu Iliyo Chini ya Tairi



Leo tuongelee rimu. Ndiyo, rimu ya pikipiki. Huku Kabwe, Kirando na Namanyere wengi wetu tunategemea boda, na baadhi yenu mnaosoma hapa ndio madereva wenyewe.

Pikipiki nyingi za zamani zina rimu ya chuma iliyopakwa kromu, yenye spoku, na ndani ya tairi kuna tyubu. Kromu ni ngozi nyembamba tu. Ikichubuka, au maji yakipenya kwenye matundu ya spoku na ya valvu, kutu huanzia ndani, chini ya ule mkanda unaokinga tyubu. Na maji hayakosekani: madimbwi ya masika, ndoo za migebuka zinazochuruzika njia nzima kutoka mwaloni. Kwa nje unaona madoadoa machache. Kwa ndani chuma kinabanduka magamba yanayotoboa tyubu, na matundu yanaliwa mpaka spoku inachomoka. Fikiria hilo likitokea mnateremka kutoka Ufipa juu kwenda ziwani, watu wawili na mzigo.

Kuangalia si kazi kubwa. Tairi likishafunguliwa kwa ajili ya pancha, toa na ule mkanda, sugua kwa brashi ya waya, kisha gongagonga kwa ncha ya bisibisi. Kutu ya juujuu itatoka, chuma kitabaki kizima. Ncha ikizama, au ukiona mashimo kuzunguka spoku, rimu hiyo imekwisha. Rangi ya silva hairudishi chuma kilicholiwa. (Yesu alisema juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, mafundi wetu wangemwelewa haraka sana.)

Sasa, dereva ambaye hajawahi kuangalia, rimu ikavunjika, je, "sikujua" yake ni utetezi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatofautisha. Kuna kutojua ambako mtu hakuweza kukuepuka, na hapo hana lawama. Na kuna kutojua kwa kupenda, ama kwa uzembe, ama kwa sababu mtu anaogopa kwamba akijua atashindwa kufanya anachotaka. Katekisimu, namba 1791, nayo inasema asiyejali kutafuta ukweli mara nyingi anawajibika kwa kutojua kwake.

Ila dereva wetu ana hesabu ya kupeleka kwa bosi jioni. Akifunua mkanda na kuona, itabidi aegeshe, au aendelee huku anajua. Kwa hiyo anasema, "Fundi, we funga tu, jaza upepo." Hapo analinda ile "sikujua" yake ya baadaye, na kwangu mimi anayeilinda hivyo ameshajua nusu. Ugumu wa maisha unapunguza lawama, sikatai, na sehemu ya mzigo ni ya bosi anayepokea hesabu kila siku bila kuuliza hata mara moja chombo kikoje.

Halafu kuna fundi. Yeye ameona, kaambiwa afunge. Pembeni amekaa mama na mtoto mgongoni, anasubiri pancha izibwe waendelee na safari. Hapo kijiweni ni yeye peke yake asiyejua bila kosa lolote. Mimi nasema fundi anapaswa kuongea, tena aongee mama akiwa anasikia, hata kama dereva atanuna na kesho atapeleka pikipiki kwa fundi mwingine.