Usiseme Mwakani!

Unajua! Wewe diwani wa Kinondoni au Temeke, wewe mkurugenzi unayeidhinisha malipo, wewe mfanyabiashara wa Buguruni unayelipa ushuru, unajua. Ngazi za ofisi ya kata umezipanda. Mlango mwembamba wa choo cha zahanati umeuona. Na siku moja, usikatae, ulimwona mtu mzima akiiacha baiskeli yake ya magurudumu matatu uani, akapanda kwa viganja na magoti mbele ya foleni nzima, kwa ajili ya barua ya utambulisho tu. Ukageuka, ukajifanya unasoma matangazo ukutani.

Uliona, ukasikitika, ukapita!

Kisha bajeti ikaja, ukasema: mwakani. Na mwakani ilipofika ukasema tena: mwakani.

Ndugu yangu, hiyo mwakani yako ina umri gani? Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inazitaka nchi ziondoe vizuizi kwenye majengo, barabara, usafiri na habari. Bunge letu likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, mwaka 2010. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anavaa sare ya sekondari. Kama anatumia kiti mwendo, huenda asubuhi ya leo amebebwa mgongoni na mwenzake ili aingie darasani. Anabebwa kwenda maktaba, anabebwa kwenda maabara, na chooni anajizuia mpaka jioni arudi nyumbani.

Sheria unayo! Mkataba unao! Macho unayo! Unasubiri nini?

Usiniambie ni wachache. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Hata ukiikata asilimia hiyo nusu kwa ajili ya jiji hili, bado unahesabu watu kwa malaki. Unasema huwaoni? Huwaoni stendi kwa sababu stendi haiwapokei. Huwaoni sokoni kwa sababu soko limewekwa juu ya ngazi. Huwaoni kwenye mkutano wa mtaa kwa sababu hakuna mkalimani wa lugha ya alama, na kiziwi akija anakaa saa mbili akitazama midomo inayocheza. Wako nyumbani, nyuma ya mapazia, wakingoja mtoto wa jirani atoke shule ili atumwe.

Na usiniambie haiwezekani, kwa maana imekwisha kuwezekana mbele ya macho yako! Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari kati ya Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani, na vituo vyake vilijengwa jukwaa likiwa usawa mmoja na sakafu ya basi. Mhandisi alichora, mkandarasi akamwaga zege, kiti mwendo kikapata pa kupita. Ndiyo, msongamano wa jioni unamsukuma nje mtu yuleyule aliyejengewa. Ndiyo, akishuka na kuingia mtaani anakutana na mtaro wazi ambao mfuniko wake umeng'olewa ukauzwa vyuma chakavu. Lakini zege lile la kituoni linakushuhudia: ilipotakiwa, iliwezekana!

Sasa tuzungumze fedha. Hapo ndipo unapojificha, na hapo ndipo nitakapokufuata.

Unasema hakuna fedha. Je, halmashauri yako haikusanyi ushuru wa huduma? Haitozi leseni za biashara? Haichukui ushuru wa soko, ada za vibali vya ujenzi? Inakusanya! Na mama asiyeona anayeuza karanga sokoni analipa ushuru uleule anaolipa jirani yake mwenye macho, kisha anatafuta mtu wa kumshika mkono ili asitumbukie mtaroni akienda msalani. Amelipia njia ambayo hukumjengea!

Unasema tayari mnawatengea. Kweli. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo jema, wala nisisikie mtu akiligusa! Lakini mkopo haujengi mteremko. Mtu anapewa mtaji anunue mitumba, kisha kizimba anachopangiwa kiko ghorofani na lifti hakuna. Anaitwa kusaini mkataba wa mkopo huohuo katika ofisi asiyoweza kuifikia bila kubebwa. Na yeye, uliyemkopesha, lazima arejeshe. Atarejesha kwa biashara gani, kama mteja hamfikii naye hamfikii mteja?

Unasema serikali kuu italeta. Sheria ya 2010 ilitaja Mfuko wa Taifa wa Watu Wenye Ulemavu, na ni haki kuudai ujazwe. Lakini usiufanye mfuko huo kichaka cha kujifichia! Ofisi ya kata ni yako. Zahanati ni yako. Soko ni lako. Ngazi hizo zilijengwa kwa kauli yako au ya aliyekutangulia, na kauli yako inatosha kuzirekebisha.

Mwishoni mwa 2021 nchi hii iliamua kujenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na mafundi walifanya kazi usiku na mchana ili Januari watoto waingie. Kila mkoa, kila wilaya, kila kata iliyopangiwa ilikimbia. Nani alisema mwakani? Tukiona aibu ya mtoto kukosa darasa tunakimbia. Mbona aibu ya mtoto aliye nje ya mlango wa darasa tunaivumilia?

Sikiliza hesabu, haina ukatili. Jengo jipya likichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wote, makadirio yanayokubalika na wengi yanaweka nyongeza kwenye takriban asilimia 1 ya gharama. Ukisubiri lijengwe kwanza, ukaja kubomoa ngazi, kupanua milango na kuvunja choo, unalipa mara nyingi zaidi. Kila mwaka unaochelewa unajenga kizuizi kingine kwa fedha za umma, kisha unaacha deni la kukibomoa kwa watakaokuja. Kuchelewa kwako ndiko ghali!

Na kujenga, jenga kweli! Nimechoka na miteremko ya kupigia picha. Kipimo kinajulikana: kwa kila sentimeta 1 ya kupanda, sentimeta 12 za kwenda mbele. Ngazi tano zenye kimo cha sentimeta 15 kila moja ni sentimeta 75, basi mteremko wake ni mita 9. Mita tisa! Badala yake tunamwaga zege la mita mbili lililosimama wima, tunakata utepe, tunapiga makofi. Mtu wa kiti mwendo akijaribu kupanda anarudi kinyumenyume, na akishuka anaruka. Siku ya tatu mteremko umekuwa maegesho ya pikipiki za wafanyakazi. Huo si msaada, ni hatari iliyopakwa rangi!

Basi waite wenyewe kabla ya kuchora. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wapo. Chama cha Viziwi kipo. Chama cha Wasioona kipo. Waite pamoja na mhandisi, mweke futi kamba mkononi, mpite jengo kwa jengo. Mtu wa kiti mwendo atakuonyesha kwamba kwenye mlango wa choo anahitaji apate nafasi ya sentimeta 90, na ndani apate duara la mita moja na nusu la kugeukia. Asiyeona atakuonyesha nguzo iliyosimama katikati ya njia ya waendao kwa miguu. Kiziwi atakuuliza ni nani atakayemweleza daktari wa zahanati yako kwamba maumivu yako upande wa kushoto. Huwezi kuyajua haya ukiwa umekaa kwenye kiti cha mbele cha gari la halmashauri.

Na mengine hayahitaji hata shilingi! Kibali cha ujenzi kinatoka ofisini kwako. Mchoro wa hoteli, benki au ukumbi ukiletwa bila njia ya kupita kiti mwendo, urudishe. Urudishe leo, urudishe kesho, urudishe mpaka wasanifu wa jiji hili wajue! Dawati linalohudumia wazee na walemavu lililoko ghorofa ya pili, lishushe chini Jumatatu asubuhi. Pikipiki zilizoziba mteremko, zitoe sasa hivi.

Lakini labda unafikiri nawazungumzia wengine. Ewe msomaji, nakuzungumzia wewe! Panda bodaboda asubuhi, kisha uniambie una hakika ya kurudi na miguu yote miwili. Nenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili utazame waliolazwa: walikuwa vijana wa kazi, walikuwa na haraka, walikuwa na mipango ya mwakani. Shinikizo la damu unalo na dawa hunywi; kiharusi kinaweza kukuchukua upande mmoja kati ya chakula cha usiku na alfajiri. Sukari inakula macho ya watu pole pole. Na ukinusurika na yote hayo, uzee hauna rushwa: magoti yatagoma, macho yatafifia, masikio yataziba. Siku hiyo utaletwa kwenye zahanati uliyokataa kuirekebisha. Utazitazama ngazi zilezile. Na mhudumu atakwambia kwa upole: Mzee, tumeweka kwenye mpango wa mwakani.

Geuka kabla ya siku hiyo!

Wewe uendaye kanisani, unaijua habari ya Kapernaumu. Watu wanne walimbeba mwenzao aliyepooza, wakakuta mlango umezibwa na umati. Hawakumwambia arudi mwakani! Walipanda, wakatoboa paa, wakamteremsha. Wewe hakuna anayekuomba utoboe paa. Una fundi, una saruji, una muhuri.

Wewe uendaye msikitini, unaijua Surat Abasa. Unajua ni kwa ajili ya nani wahyi ule ulishuka: kwa ajili ya Abdullah ibn Umm Maktum, mtu asiyeona aliyekuja akitaka kufundishwa wakati wakubwa wa Makureshi wakisikilizwa. Na mtu huyo baadaye aliadhini Madina. Ikiwa mbingu zilimsimamia mmoja asiyeona, wewe unamgeuzia mgongo kwa kibali cha nani?

Huwezi kusema hukuambiwa. Umeambiwa kwenye Injili, umeambiwa kwenye Kurani, umeambiwa kwenye sheria ya nchi!

Na sasa kalenda, kwa sababu shetani wa ucheleweshaji anakaa kwenye kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini usidanganyike kungoja Bunge la bajeti la Aprili. Wakati huo makadirio ya halmashauri yako yamekwisha kupita kwa madiwani na yako njiani. Jambo linaamuliwa mapema, kwenye mkutano wa mtaa, kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kwenye baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka. Ukikosa hapo, umekosa miezi kumi na miwili mingine. Mtoto yule anabebwa mwaka mwingine mzima.

Basi, mwananchi: nenda mkutano wa mtaa, simama, taja jengo kwa jina. Usiseme miundombinu iboreshwe. Sema choo cha zahanati yetu, ngazi za ofisi ya mtendaji, mtaro ulio mbele ya shule. Sema jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari, na usiketi mpaka umwone katibu akiandika.

Diwani: fungua kitabu cha bajeti, tafuta kasma ya maboresho kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kama haipo, usipitishe! Kama ipo bila tarakimu, usipitishe! Kama ina tarakimu bila majina ya majengo na robo ya mwaka ambayo kazi itafanyika, rudisha kwa afisa mipango, ngoja, na usiondoke ukumbini. Kisha mwezi Septemba, robo ya kwanza ikiisha, uliza fedha imetoka au haijatoka, na umuulize mweka hazina mbele ya wenzako wote.

Mkurugenzi: kalamu unayo. Ofisi ya kata ya kwanza kwenye orodha, ile uliyoifikiria ulipoanza kusoma maneno haya, mpigie mhandisi wako simu leo akaipime.