Kutu Chini ya Rangi

Wako watu wanaocheka wakimwona mtu mzima amelala chali chini ya motokaa kuukuu, spana mkononi, oili ikimchuruzikia usoni, siku ambayo wenzake wamekaa barazani wakizungumza. Husema: "Kwa nini asinunue nyingine?" Swali hilo si la mzaha. Yafaa tulijibu, maana ndani yake mna jambo la haki na la ukweli, wala si la vyuma tu.

Tunaye jirani, mwalimu mstaafu, aliyerithi kwa baba yake motokaa aina ya Peugeot 404. Wasomaji wetu wenye umri wanaikumbuka. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Katika mashindano ya Safari ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 dereva wake alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Basi si ajabu kwamba wazee wapitapo penye banda la mwalimu husimama na kuanza hadithi. Lakini hadithi haiendeshi motokaa. Ile ilikuwa imekaa chini ya mwembe miaka kumi na miwili, kuku wakitaga katika kiti cha nyuma.

Sisi tuliomsaidia jioni kadhaa twajua taabu zake. Bolti iliyoshikwa na kutu hukatika shingo, na kulitoa lile shina lililobaki huchukua siku nzima. Kipuri kilichongojewa miezi mitatu hufika, nacho kikawa si chake.

Taabu iliyo kubwa kuliko zote tuliileta sisi wenyewe. Silinda za injini hii ni slivu zinazochomolewa, na maji ya kupozea huzizunguka. Wakati wa kuzirudisha sharti kila moja ipimwe, nayo itokeze juu ya bloku kidogo sana, kipimo cha sehemu za mia za milimita, zote kwa usawa. Ama sivyo gaskiti ya kichwa haishiki. Jioni ile giza lilikuwa linaingia, nasi tukamhimiza mwalimu: "Zimekaa vema, funga tu." Akafunga. Injini ikanguruma, watoto wakapiga vigelegele. Baada ya siku mbili oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana maji yalikuwa yameingia. Kazi ya wiki sita ikafunguliwa upya kwa sababu ya nusu saa tuliyoona uvivu kuitumia. Mwalimu hakutulaumu hata kidogo, na hilo likatuuma zaidi.

Hapo ndipo mke wake aliposema neno la haki. Gaskiti mpya na mihuri ya slivu zilihitaji fedha, na fedha iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ada ya binti yao wa mwisho. Mama yule hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Baba, kipi kinaweza kungoja?" Mwalimu alifunika injini kwa turubai, na ikangoja miezi minane. Twasema alitenda sawa. Kazi ya mikono ni njema, na kumbukumbu ya baba ni njema. Lakini kinacholiwa na kutu hungoja vizuri zaidi kuliko mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mtu asiyeweza kuiacha kazi yake ya mapenzi kwa ajili ya walio chini ya dari lake, huyo hamiliki motokaa. Motokaa ndiyo inayommiliki yeye.

Jaribu la pili lilikuja mwaka uliofuata, injini ikiwa nzima. Mnunuzi alitokea, akataja bei nzuri, akataka kuichukua mwisho wa juma. Sasa motokaa hii haina chasisi ya pekee kama lori. Sakafu na kingo zilizo chini ya milango ndizo mifupa yake. Kingo hizo zilikuwa zimeliwa ndani. Fundi mmoja alishauri: "Piga puti, paka rangi, nani ataona?" Kweli, hakuna ambaye angaliona. Lakini siku ya ajali mifupa ingaliona, na waliokaa ndani ya motokaa wangalilipa. Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwalimu akamwonyesha mnunuzi mashimo yale waziwazi, na mnunuzi akaenda zake. Kisha akakata bati bovu lote, akachomelea jipya, mshono kwa mshono, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika tena.

Je, baada ya kubadili sakafu, kingo, slivu na pistoni, hiyo bado ni motokaa ya baba yake? Plutarch aliandika kwamba wanafalsafa walibishana vivyo hivyo juu ya merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi kwa kubadili mbao zilizooza. Sisi twaona kwamba ubao mpya hauondoi urithi, ikiwa umetiwa kwa uaminifu. Kinachouondoa urithi ni puti, kwa kuwa huonyesha uzima mahali palipooza.

Faida yake ni ipi basi? Kwa hesabu ya shilingi, huenda hakuna. Fedha iliyotumika yapita bei ya motokaa. Lakini binti yule, ambaye ada yake ilitangulizwa, sasa anajua kupima slivu, naye hafungi kichwa cha injini kabla ya kupima mara mbili. Juma lililopita baba na mama walikwenda sokoni ndani ya Peugeot yao, polepole, gia ikibadilishwa kwa mkono ulio kando ya usukani, na wazee wa barazani walisimama kuitazama.

Ndugu wasomaji, si wote wenye motokaa kuukuu bandani. Lakini kila mmoja anacho kitu alichorithi kilichoingia kutu: nyumba, shamba, hata udugu. Kabla hatujashika brashi ya rangi, tuchukue kwanza tochi, tutazame chini.